Gari Linaruka, Mimi Natembea

Umeme jana umerudi saa moja usiku. Nikasema leo nami nitaangalia taarifa ya habari kama watu wazima wenzangu. Thubutu! Rimoti anayo Neema, miaka sita, na filamu ni ile ile ya gari linaloruka. Mara ya tano wiki hii.

Chitty Chitty Bang Bang, ya mwaka 1968. Mara ya kwanza niliipenda, nisiseme uongo. Dick Van Dyke ni mvumbuzi choka mbaya, mgane mwenye watoto wawili, mashine zake haziishi kumtia aibu. Nilicheka chai ikapanda puani. Mara ya tatu nikaanza kuhesabu dakika: zinapita 140, na kila ukikaa vizuri mtu anaanza kuimba. Kakosa hela, anaimba! Mimi nikikosa hela nyumba nzima inanyamaza.

Yule mzee wa pua ndefu anayenasa watoto kwa peremende, Neema hamwogopi. Mimi ndiye nalala na taa.

Lakini linalonitonesha ni gari lenyewe. Jamaa analipata bovu, la kutupwa, bei shilingi 30. Thelathini! Anajifungia nalo bandani, moshi, cheche, mlango unafunguliwa, gari linang'aa. Fundi wake nani? Hakuna aliyemwambia, "Bosi, nimefungua nimekuta na bushi zimekwisha." Likiingia baharini linaelea. Barabara ikiisha kwenye mwamba, linatoa mabawa. Langu liko gereji tangu Pasaka, na kila nikipiga simu fundi yuko njiani kufuata spea Kariakoo. Miezi miwili yuko njiani. Gereji yenyewe iko Magomeni!

Sasa jana linapaa tu, Neema kanigeukia.

"Baba, na letu lina mabawa?"

Nikakohoa, nikakaa kama waziri aliyepigwa swali la nyongeza. "Mwanangu, suala la gari letu liko kwenye mchakato."

"Linaruka?"

"Kwa sasa halitembei."

"Basi liimbie."

Mama yake kacheka huko jikoni mpaka kaunguza vitunguu. Nimekula ugali na vitunguu vyeusi, na taarifa ya habari sikuiona.

Leo asubuhi nimening'inia kwenye daladala, konda anasema "mzee sogea nyuma kuna nafasi", nafasi yenyewe ina ndoo ya dagaa. Nikajishtukia napiga mluzi ule wimbo. Mzee wa pembeni kadakia, anaujua wote. Ana wajukuu watatu. Tukapeana mikono kimya kimya kama watu wa msibani, kushtuka kituo kimepita, na konda kabaki na mia mbili yangu.