Daftari la Jack the Ripper: wino wa lini, mkono wa nani?

Machi 1992 mkazi mmoja wa Liverpool, Michael Barrett, alimpigia simu wakala wa waandishi jijini London, akadai anayo maandishi ya Jack the Ripper mwenyewe. Mwezi uliofuata akayapeleka. Ilikuwa albamu kuukuu ya kubandikia picha. Kurasa zake za mwanzo zimekatwa kwa kisu, na 63 zilizofuata zimejaa mwandiko wa kalamu ya wino. Mwandishi hajitaji kwa jina lake halisi, lakini anataja nyumba yake, mkewe na wanawe, na vyote vinamwelekea James Maybrick, mfanyabiashara wa pamba aliyefariki 11 Mei 1889, kifo ambacho mkewe, Florence, alihukumiwa kunyongwa kwacho (adhabu ikapunguzwa, akatoka gerezani 1904). Siku ya mwisho katika daftari ni 3 Mei 1889, na sahihi ni Jack the Ripper, jina la muuaji asiyejulikana hadi leo, aliyeua wanawake wasiopungua watano mashariki mwa London kati ya 31 Agosti na 9 Novemba 1888.

Zaidi ya miaka 30 watu wanabishana, na ubishi hauishi kwa sababu maswali mawili yamefungwa kamba moja. Je, aliandika Maybrick? Na kama si yeye, liliandikwa lini? Swali la kwanza ni jepesi kuliko linavyofanywa. La pili ndilo gumu.

Tuanze na chumba cha Mary Kelly, aliyeuawa 9 Novemba. Mwandishi wa daftari anasema aliacha matiti ya marehemu juu ya meza. Magazeti ya siku zile yaliandika hivyohivyo. Ripoti ya Dkt. Thomas Bond, aliyeukagua mwili palepale, inasema titi moja lilikuwa chini ya kichwa na la pili karibu na mguu wa kulia. Mezani palikuwa na nyama ya tumbo na mapaja. Mwandishi anasema pia aliondoka na ufunguo. Inspekta Abberline wa polisi alieleza kwenye uchunguzi wa kifo kwamba ufunguo ulikuwa umepotea muda mrefu kabla, na wenyeji walikuwa wakipitisha mkono kwenye kioo kilichovunjika ili kufungua. Muuaji anaweza kusahau, wanajibu watetezi wa daftari. Sawa, lakini mbona anasahau kwa kufuata makosa ya magazeti?

Mwandiko nao hausaidii. Haulingani na wosia wa Maybrick wa 25 Aprili 1889, ulioandikwa siku nane tu kabla ya ukurasa wa mwisho wa daftari. Haulingani pia na barua maarufu ya 25 Septemba 1888 iliyoanzisha jina la Jack the Ripper, ambayo mwandishi wa daftari anadai kuwa ni yake. Ili kuokoa hoja, watetezi hulazimika kusema wosia ni wa kughushi, au kwamba mtu mwenye nafsi mbili huwa na miandiko miwili. Ukishafika hapo, hakuna ushahidi wowote unaoweza kukupinga.

Karata yao nzuri ni kiberiti. Daftari linataja kopo la bati la kiberiti, tupu, na kweli kitu hicho kimo katika orodha ya polisi ya mali za Catherine Eddowes, mmoja wa wanawake waliouawa, orodha ambayo haikuwafikia wasomaji wa kawaida hadi miaka ya 1980. Angejuaje kama si muuaji? Lakini hoja hiyo inakata kuwili: mtu aliyeandika baada ya orodha kuchapishwa angejua pia. Tena neno "tupu" limekuja mwishoni. Kwa Kiswahili hilo halishtui, maana sifa hufuata nomino. Kwa Kiingereza ni mpangilio wa karani anayeorodhesha vitu, si wa mtu anayesimulia alichokiona.

Kwenye wino ndiko mambo yanakochafuka. Wino wenye chuma, uliozoeleka karne ya 19, hushika hewa ukishakauka, ukawa mweusi na mgumu kuyeyuka, kisha baada ya miaka ukageuka kahawia. Dkt. David Baxendale alipoupima mwaka 1992 aliukuta unayeyuka upesi, dalili ya upya. Baadaye maabara moja iliona kloroasetamidi, kihifadhi cha kisasa kilichokuwemo katika wino wa kampuni ya Diamine ya Liverpool. Maabara nyingine haikuiona. Sampuli zenyewe ni vinukta vilivyokwanguliwa, na kwa kiasi hicho uchafu mdogo tu unapotosha jibu. Kisha mkemia wa Diamine, Alec Voller, aliliangalia daftari mwaka 1995 akasema huu si wino wao.

Watetezi hupenda zaidi kipimo cha Rod McNeil, kinachokadiria umri kwa kuangalia ioni (chembe ndogo mno) za wino zimetambaa kiasi gani katika nyuzi za karatasi. Jibu lilikuwa 1921, kwa tofauti ya miaka 12 mbele au nyuma. Joto na unyevu wa mahali karatasi ilikotunzwa huweza kulivuruga. Lakini tukilipokea kama lilivyo, mwaka wa mapema kabisa ni 1909, na Maybrick alikuwa kaburini miaka 20.

Inabaki safari ya daftari lenyewe. Barrett alisema kwanza kwamba alipewa na rafiki, ambaye alikuwa ameshafariki. Mwaka 1994 mkewe akasema ni mali ya ukoo wake. Mwaka huohuo Barrett akakiri kwamba ni la kughushi, na Januari 1995 akaapa kwa maandishi kwamba albamu ilitoka mnadani na kazi ilichukua siku 11. Baadaye akakana. Simulizi lake la mnada lina matundu, kwa hiyo kumwamini hapo ni kujitakia. Wengine wanaonyesha karatasi za kazi za mafundi umeme waliokuwa Battlecrease, nyumba ya zamani ya Maybrick, tarehe 9 Machi 1992, siku ileile ya simu ya London, wakidai daftari lilitoka chini ya mbao za sakafu. Kukutana kwa tarehe hizo mbili si kwa kudharauliwa.

Ila kuna kitabu kidogo chekundu. Machi hiyohiyo Barrett aliagiza kwa muuza vitabu shajara ya kati ya 1880 na 1890, yenye kurasa tupu zisizopungua 20. Akaletewa ya 1891, ndogo mno, isiyofaa kitu. Watetezi wanasema alitaka tu kuona shajara ya zama hizo ilivyokuwa. Kwa kuona, iliyoandikwa yote ingemtosha.