Tusimkabidhi Mwalimu Ofisi Kabla ya Kumfunza

Jumamosi moja nilikaa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Eastlands, Nairobi, ambako mimi ni mwanabodi. Mezani palikuwa na daftari la fedha, rundo la risiti za unga na maharagwe zilizobanwa kwa pini, na barua ya mkaguzi wa hesabu. Hakuna shilingi iliyoibwa. Fedha za vitabu zilimlipa fundi wa paa mvua ilipozidi, basi, na kumbukumbu za bodi hazikuonyesha kwamba tuliidhinisha. Mwalimu huyu amefundisha hisabati miaka 22. Hakuna aliyewahi kumketisha akamwonyesha vocha ya malipo inavyojazwa.

"Nilipewa funguo na muhuri," akaniambia, macho kwenye daftari.

Nilikasirika sana, lakini si kwake. Tunampandisha cheo mwalimu kwa sababu anafundisha vizuri, kisha anapokwama ofisini tunamwita mzembe. Masomo ya msingi yalipofanywa bila malipo mwaka 2003, shule zilianza kupokea Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na mwalimu mkuu akawa mhasibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaleta bodi za usimamizi. Mwaka 2023 gredi ya 7 ikabaki katika shule za msingi, na yeye yule akaongezewa sekondari msingi, pamoja na fedha zake na walimu wake. Kazi hutangulia, mafunzo hufuata nyuma yakichechemea.

Taasisi tunayo. KEMI, taasisi ya serikali ya kuwafunza wasimamizi wa elimu, ambayo zamani iliitwa KESI, ilianza mwaka 1981 kwa kazi hii hii. Ila kozi ya likizoni haitoshi. Mtu hurudi na cheti, akifungua kabati anakuta risiti zilezile na hana wa kumuuliza. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo, ambaye naye aghlabu alitoka darasani, anapaswa kufunzwa kuketi naye na kupitia hesabu kabla mkaguzi hajafika. Na naibu afanye kazi ya ofisi muhula mzima chini ya mkuu wake, kabla hajaachiwa ofisi.

Siku hiyo naibu alikuwa nje akisimamia wanafunzi wakifagia uwanja. Nikamwita. Akavuta kiti, na tukaanza upya kutoka vocha ya kwanza ya Januari.