Bunduki Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Kwenye kambi ya uwindaji mgeni hawezi kulala kabla hajaijaribu bunduki yake. Akishashuka kwenye gari na kunywa soda, safari ni kichuguuni. Haijalishi huko kwao alilenga vizuri kiasi gani. Ndege imeshaitingisha, na barabara ya Itigi kuingia pori la akiba la Rungwa imemalizia. Sisi tunabandika boksi lenye alama ya msalaba kwenye kichuguu, mita 100, halafu tunarudi nyuma ya mpigaji kusubiri.

Huyu alikuwa mzee wa Texas, mpole, na bunduki yake ya .375, ambayo ndiyo saizi ndogo kabisa sheria inayoiruhusu kwa nyati. Ikifyatuliwa, ina teke la kweli begani. Risasi ya kwanza ikaingia kichuguuni, kushoto kwa boksi. Mzee akazungusha kinobu cha darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki: tik, tik, tik. Kila tiki inasogeza risasi kama milimita 7 kwa umbali ule. Ya pili ikaenda kulia. Tik, tik. Ya tatu juu. Ya nne boksi halikuiona kabisa, ila koti langu la mtumba, nililolitundika kwenye kijiti pembeni wakati wa kubandika boksi, likarusha mkono mmoja hewani na kuanguka kifudifudi.

"Pole sana, kaka," mpishi akaniambia. "Lakini limekufa kiume."

Hapo kila mtu akawa daktari. Askari wa wanyamapori alisema ni upepo. Mpishi alisema ni mkono wa mtu. Mzee akalaumu risasi, akaapa kwamba darubini ilifungwa dukani kwa kipimo. Mwindaji bingwa wetu hakujibu. Aliishika darubini kwa vidole viwili, akaisukuma kidogo, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Fundi wetu wa gari akafurahi. Akaja mbio na spana namba 17. "Niachie, naikaza mpaka ilie!" Akafukuzwa. Skrubu zile za pete zinazoishikilia darubini zinataka kama nyutoni mita 2 tu, nguvu ya vidole. Ukizidisha unaliminya bomba la alumini na mitambo ya ndani inakwama. Ufunguo wake mdogo wa nyota ulipatikana chini kabisa ya begi, ndani ya soksi. Skrubu zikafunguliwa zote, zikafutwa mafuta kwa spiriti ya sanduku la huduma ya kwanza, maana skrubu yenye mafuta hujifungua yenyewe teke kwa teke. Kisha zikarudishwa kwa mshazari, robo mzunguko hapa, robo kule, huku bingwa akichungulia mwanya wa pete ulingane pande zote mbili. Fundi aliteseka. Kila robo alimeza mate.

Ikabaki gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, na hatukuwa nayo. Mke wa mgeni akaingia hemani, akatoka na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuiva. Tukadhani ni utani, kumbe mafundi wa bunduki wameitumia hiyo miaka nenda rudi. Basi mwindaji bingwa, mtu aliyewahi kufuata nyati waliojeruhiwa vichakani, akakaa kitako akaanza kupaka, tone moja moja, ulimi nje.

"Bado hina tu," askari akanong'ona, "tumpeleke kwa mume."

Hatukucheka. Tulikohoa, wote kwa pamoja, muda mrefu.

Rangi ilipokauka, risasi tatu zikaingia msalabani bila ubishi. Mzee, kwa furaha, akaniletea koti lake jipya la mabakamabaka ya kijani, lile aliloambiwa tangu uwanja wa ndege asilivae. Nikalipokea kwa mikono miwili. Askari akalitazama koti, akanitazama mimi. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi.

"Koti zuri hilo, ndugu yangu," akasema. "Utakuwa unalivaa usiku, ukishazima taa."