Ukiwapeleka watoto kwenye maji, na wewe ulowane

"Maji yote haya ni ya kuchezea?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mama mkwe wangu tulipoingia kwenye bustani ya michezo ya maji kule Kunduchi, Dar es Salaam, Julai mwaka jana. Hakuuliza kiingilio, hakuuliza choo kiko wapi. Alisimama na kitenge chake kiunoni, akayatazama yale mabomba marefu ya rangi yanayowamwaga watu bwawani, akatikisa kichwa. Mama huyu kazaliwa upande wa Kongwa, kakulia kwenye kuchimba mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, kisha kukaa kitako kusubiri maji yajikusanye, kata moja baada ya nyingine. Kwake maji ni mzigo wa kichwani. Kumwona mtu mzima akiyatelezea kwa makalio ilikuwa karibu na kufuru.

Wakati ule nilicheka. Siku hizi naona ni yeye aliyeelewa kitu ambacho sisi wazazi wa Dodoma tunakisahau tukishavaa miwani ya jua: sisi na maji mengi hatujazoeana.

Kwa hiyo nina neno kwa kila mzazi wa huku anayepanga mtoko wa aina hii. Kama huna mpango wa kuingia majini, usipange safari. Najua litawaudhi akina mama wenzangu waliosuka juzi kwa elfu arobaini, na akina baba ambao kwao siku ya familia maana yake ni kiti, kivuli na mechi kwenye simu. Lakini mzazi aliyekaa chini ya mwavuli, mkoba mapajani, hajawapeleka watoto swimingi. Kawasindikiza tu, halafu kawakabidhi kwa maji.

Nasema hivi nikiwa na deni langu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, kabla hata hatujawahi kuifikiria Kunduchi, tulialikwa kwenye sherehe ya kipaimara iliyofanyika kando ya bwawa la hoteli moja hapahapa mjini. Watu wazima tulikuwa saba kwenye meza, nyama choma imeshafika, kachumbari imeshafika, stori zimekolea. Mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa anarukaruka upande wenye maji ya kiunoni mwake. Akapiga hatua moja mbele, sakafu ikamkimbia. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningemrushia mfupa ungempata. Sikusikia kitu. Hakuna kati yetu saba aliyesikia kitu. Aliyemwona ni binti wa meza ya jirani, wa miaka kama kumi na miwili, akamshika mkono akamvuta kama anayevuta ndoo kisimani. Mtoto akakohoa, akalia, kisha akaomba soda. Mimi nilitetemeka mpaka usiku.

Mlinzi wa bwawa? Alikuwepo. Alikuwa ameitwa kusaidia kupanga viti. Nilimkasirikia wiki nzima, mpaka siku moja mume wangu aliponiuliza taratibu, "Mama Neema, na sisi saba tulikuwa tunapanga nini?"

Kuanzia siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili, na lililonishtua ni ule ukimya. Sisi tunadhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mtoto hawezi. Mdomo wake unazama na kuibuka, na kila ukiibuka unatafuta hewa, hauna nafasi ya kuita. Mikono inayakandamiza maji ili kichwa kipande juu, kwa hiyo haipungi. Kwa anayetazama kwa mbali ni mtoto anayecheza. Na yote hayo yanaweza kwisha chini ya dakika moja, muda ambao hata ujumbe wa sauti wa shoga yako haujafika mwisho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana juu ya kuzuia vifo hivi. Nami huwa naikumbuka kirahisi, kwa sababu tarehe hiyohiyo mwaka 2024 ndipo treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Treni naitaja kwa makusudi. Zamani mtoto wa Dodoma kwenda kucheza na maji ya Pwani ilikuwa ni siku nzima kwenye basi, miguu imevimba, anafika kalala. Sasa ni saa tatu na nusu au nne. Familia nyingi za huku tunashuka Dar kwa wingi kila likizo, na tunashuka na watoto waliokulia kwenye ndoo na kopo. Mkoa wetu hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, basi. Mji kwa miaka mingi umenyweshwa na visima vya Makutupora. Mtoto wa Ukerewe au wa Mafia anajua maji yanavyovuta mguu kabla hajajua kusoma. Wa kwangu walijua maji yanavyokatika bombani Jumanne na kurudi Alhamisi.

Wapo watakaosema: ya nini gharama zote hizo, si tuwapeleke kwenye bwawa la Hombolo au la Mtera? Nendeni, ila mwende kula samaki. Mtera ina mamba na viboko, na maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho. Mabwawa yale ni ya kazi. Na yale mashimo yanayochimbwa mchanga na kokoto pembeni mwa mji, yakijaa mvua ya Januari, ndiyo swimingi ya bure ya watoto wetu tukiwa kazini. Hayo yananiogopesha kuliko mtelezo wowote wa Kunduchi.

(Kuna mahali Ujerumani, karibu na Berlin, wamechukua banda kubwa lililojengwa kwa ajili ya kuundia vyombo vya angani vya puto, mita 360 kwa urefu, wakalijaza minazi, mchanga na mabwawa, na tangu 2004 watu wanalipa kuingia humo kuhisi joto la nyuzi 26 wakati nje kuna theluji. Nilipomwonyesha mama mkwe picha alisema Wajerumani hawa ndio waliotuletea reli ya kwanza, wangebaki na huku wangepata joto bure.)

Turudi kwenye maandalizi. Kazi yangu huanza mwezi mmoja kabla, tena na beseni. Kila jioni wakati wa kuoga watoto wanaingiza uso kwenye beseni na kupuliza mapovu. Ukiwatazama utaona ni upuuzi, mpaka umwone mtoto ambaye hajawahi kulowesha uso anavyopagawa maji yanapompiga mara ya kwanza mwisho wa mtelezo. Wakizoea beseni, Jumamosi mbili tatu tunakwenda kwenye bwawa la hoteli, asubuhi kabla watu hawajajaa, nao hujifunza kulala chali juu ya maji nikiwa nimewashika mgongo. Sijui kuogelea vizuri, nikiri. Najua kusimama, kushika, na kutobandua macho.

Halafu nawapima ukutani kwa penseli. Mitelezo mingi mikubwa ina kimo cha chini, na hakuna kilio kibaya kama cha mtoto aliyeahidiwa bomba refu jekundu miezi miwili, kisha anakataliwa mlangoni kwa vidole vitatu. Piga simu, uliza kimo, uliza na siku wanazofungua, mwambie mtoto ukweli kabla ya kupanda treni.

Suala la nguo ndilo linalowaponza akina mama wengi. Sehemu nyingi haziruhusu kuingia na jinzi, kanga wala fulana ya pamba, na siyo kwa kukuonea. Pamba hunywa maji ikawa nzito, na nyuzi zake huziba machujio ya bwawa. Kwa hiyo mama anayefika na dera lake zuri anaambiwa akae pembeni, naye anashukuru kimoyomoyo kwa kuwa kapata sababu. Ukitaka kujisitiri, siku hizi Kariakoo kumejaa nguo za kuogelea za mikono mirefu na suruali, na za kofia ya kichwani pia. Nilinunua yangu nyeusi, imenifunika kuliko gauni langu la kanisani. Nywele? Suka mabutu, vaa kofia ya mpira. Zitalowana tu, lakini nywele hukauka.

Maboya yale ya kupuliza ya mkononi, naomba msiyaamini. Ni midoli. Yanachomoka, yanatoboka, na ubaya wake mkubwa ni kwamba yanampa mzazi ruhusa ya kugeuka. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi lililomkaa, na hata hapo mkono wako uwe unamfikia.

Nyumbani kwetu tumeweka zamu ya macho. Kila mtu mzima dakika ishirini, akiwa majini, simu imebaki kwenye begi, haongei na mtu, anahesabu vichwa. Akichoka anamkabidhi mwenzake kwa kumgusa bega na kutaja idadi: "Watatu, wote upande wa kushoto." Tunachekwa. Shemeji yangu anatuita jeshi. Lakini nje ya zamu yako unapumzika kwelikweli, unakula chipsi zako bila kugeuza shingo kila mara, na siku inakuwa tamu zaidi kuliko ile ya kila mtu kudhani mwenzake anaangalia.

Fedha. Treni hiyo ya mwendokasi ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Sisi watu wazima watatu, watoto wawili wa nusu nauli na kitinda mimba asiyelipa, ilikuwa 124,000 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Kabla hujaona maji, robo milioni imekwenda. Kinachotuokoa ni shangazi yao watoto anayekaa Tegeta, tunalala kwake Ijumaa na Jumamosi. Asiye na shangazi Tegeta afikirie vizuri, maana kutoka kituo cha treni mjini kwenda Kunduchi, kwa foleni ile ya Dar, unaweza kutumia muda wa kutosha kufika Morogoro. Hela yetu yote inatoka kwenye kibubu cha bati kilichoanza Januari, na watoto wenyewe hutumbukiza humo chenji ya duka.

Msimu pia una hesabu yake. Idi na Krismasi hapana: siku hizo bwawa linakuwa kama soko la Majengo, na katika umati hata zamu ya macho haisaidii. Aprili ni masika ya Pwani. Mimi nachagua Julai, katikati ya wiki kama likizo ya kazi inaruhusu. Dodoma huo ndio wakati wa upepo na baridi, bwawa la asubuhi linauma meno, ilhali Dar jua lipo na maji yana uvuguvugu. Kumbukeni tu kwamba joto la kule ni la jasho. Huku kwetu jasho hukauka kabla hujaliona. Wa kwangu walipofika Dar mara ya kwanza waliniuliza kwa nini hewa imelowa. Waleteeni maji ya kunywa, na mafuta ya kukinga jua pia, maana weusi wa ngozi haumkingi mtu na saa sita za kukaa bwawani.

Chakula uliza mapema, sehemu nyingi hawaruhusu kuingia na chako. Tulibeba karanga na zabibu za nyumbani, tukazilia getini kwa haraka kama wanafunzi.

Na kuogeni kabla ya kuingia, jamani. Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo watu husema ndiyo dalili ya maji safi, kwa kiasi kikubwa ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mikojo yetu. Wapelekeni watoto chooni kila saa. Pampasi ya kawaida ikiingia majini huvimba kama andazi, nunueni zile za kuogelea.

Mwaka jana mama mkwe ndiye aliyebaki na mabegi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, akitazama. Saa kumi jioni, watu wamepungua, nilimwona amevua kandambili, ameshika kitenge kwa mkono mmoja, miguu yake yote miwili imo kwenye bwawa la watoto wadogo, maji ya vifundoni. Mjukuu wake wa mwisho alikuwa anammwagia kwa kikopo. Hakusema kitu, nami sikupiga picha.

Mwezi uliopita alipiga simu kutoka Kongwa. Baada ya mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, na habari za mbuzi, aliuliza zile nguo nyeusi za kuogelea zinauzwa kwa saizi gani. Kwa hiyo mwaka huu zamu ya macho itakuwa na watu wazima wanne, shangazi wa Tegeta akiwemo. Limebaki swali la nani atakaa na mabegi. Nilipoliuliza mezani, mume wangu aliongeza sauti ya televisheni.