Baiskeli Inakunywa Luku Yetu

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mimi fundi cherehani, napanga Chang'ombe. Chang'ombe ya hapa Dodoma, si ile ya Temeke. Nyumba ina vyumba sita, choo kimoja na luku moja. Aliyewahi kuishi na wapangaji wenzake kwenye luku moja sina haja ya kumweleza zaidi.

Zamani mkosaji tulimjua. Tumechanga Ijumaa, Jumatatu giza, macho yote yanahamia chumba namba nne kwa mama anayegandisha ubuyu. Sasa kaja dogo wa namba sita na baiskeli ya umeme.

Hiyo baiskeli tulianza kukosana nje kabla ya ndani. Nilikuwa navuka Barabara ya Sita, nimeshika vifungo na zipu za wateja. Bodaboda na ubaya wake wote anakupa taarifa: unamsikia tangu mbali, unapata muda wa kuvuta kanzu na kutoa shahada. Huyu nilisikia upepo tu, na kwa mji huu upepo si habari. Kumbe ni dogo. Vifungo vilitawanyika barabarani, nikaviokota kimoja kimoja huku bajaji zinanipigia honi. Naye kasimama kwa adabu zote: "Shikamoo fundi, samahani." Marahaba gani hapo?

Hata mbuzi wa Mgogo anavalishwa kengele!

Siku nyingine trafiki alimsimamisha, akaizunguka ile baiskeli kama anachagua beberu mnada wa Msalato. Ina pedeli, basi baiskeli. Ina mkono wa kuvuta moto, basi pikipiki. Mwisho akasema, "Nenda, ila taratibu." Sasa taratibu ni ngapi?

Mpwa wangu anayesoma UDOM anasema Ulaya ubishi huo waliumaliza. Mota isizidi wati 250, ikusaidie pale tu unapokanyaga pedeli, na ukifika kilomita 25 kwa saa iache kusukuma, miguu yako ihangaike yenyewe. Ikizidi hapo haihesabiwi tena baiskeli ya kawaida. Inaingia kwenye mambo ya usajili, bima na kofia ngumu. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Anayekanyaga aachwe kama waendesha baiskeli wote, na anayevuta moto bila kukanyaga abebe mizigo ya bodaboda. Na kengele wote wafunge, hapo sina mjadala.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni koridoni. Dogo anachaji usiku, ekstensheni imepita chini ya mlango, betri iko pale pale tunapotokea sote. Betri hizi za lithiamu zikiwaka haziwaki kama mkaa uliolowa. New York zimeua watu, hadi mwaka 2023 wakaweka sheria kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe kama betri yake haijapimwa usalama. Sisi tunalala vyumba sita nyuma ya betri moja, na mlango wa kutokea ndio huo huo.

Nikaitisha kikao. Kuhusu mlango, dogo alikubali hapo hapo: atachajia barazani, mchana, akiwa macho. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Nikaleta na la luku. Nikasema kila mtu achangie kulingana na anachokula.

Dogo akatoa simu, akapiga hesabu mbele ya watu. Chaja yake inavuta kama wati 110. Saa nne na nusu, betri imejaa: nusu uniti. Hata shilingi mia mbili haifiki.

"Na pasi ya fundi?" akauliza mama wa ubuyu, ambaye sikuwa nimemtaja kabisa siku hiyo.

Wakaigeuza pasi yangu kitako juu, wakasoma: wati 1,000. Mimi napiga pasi suruali za watu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mke wangu, ambaye nilitegemea atakohoa tu, akasema, "Na jioni huwa anarudia zile za harusi."

Mchango wangu umepanda mara tatu. Nimenunua pasi ya mkaa pale Majengo, naiwashia barazani. Jana dogo kaja kwa adabu zake zile zile: "Shikamoo fundi. Samahani, cheche zako zinarukia betri yangu."