Joseph Lycett: mghushi noti anayestahili kusikilizwa

Wanaokataa picha za Joseph Lycett, mchoraji mfungwa wa Australia ya kikoloni, kama ushahidi wa jinsi nchi ile ilivyokuwa, wana hoja nzito. Alihukumiwa Uingereza mwaka 1811 kwa kughushi, akasafirishwa hadi Sydney, akafika 1814. Mwaka uliofuata mji ukajaa noti bandia za shilingi tano, naye akakutwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Akapelekwa Newcastle ya Australia, kituo cha adhabu. Picha zake za mandhari, zilizochapishwa London 1824 na 1825, ziliwavutia walowezi watarajiwa: malisho mapana, miti iliyoachana, maji yaliyotulia. Zile za Tasmania huenda alizinakili tu kutoka kwa michoro ya wengine. Basi, wanasema, nchi hiyo iliyo kama bustani ni tangazo la ardhi.

Za Tasmania nakubali tuziweke kando. Za Newcastle sikubali, kwa sababu kule aliishi. Tazama picha yake ya rangi za maji ya mnamo 1817, iliyohifadhiwa Maktaba ya Taifa, Canberra. Wenyeji wa eneo lile, Waawabakal, wamezitia moto nyasi. Kangaruu wanatimka, wanaume wanawangoja na mikuki. Picha hii haikuchapishwa zama zake. Mlowezi gani alikuwa anashawishiwa nayo?

Na moto ule ndio unaoeleza miti kuachana. Nyasi zikichomwa kwa zamu, sehemu hadi sehemu, vichaka havipati nafasi, majani mabichi yanachipua, na kangaruu wanayafuata. Thomas Mitchell, mpima ardhi wa serikali, aliandika mwaka 1848 kwamba karibu na Sydney, uchomaji wa wenyeji ulipokoma, misitu minene ya miti michanga iliota palipokuwa wazi. Hakuwa msanii wala mfungwa, na alichokiona kinaafikiana na brashi ya Lycett. Mwanahistoria Bill Gammage ameyajenga haya kwa kina tangu 2011. Tukisema uwazi ule ulibuniwa na mghushi, tunafuta kazi ya mikono ya watu walioutunza.

Kosa kubwa zaidi la picha zile haliko kwenye miti. Kapteni James Wallis, mkuu wa Newcastle aliyemtumia Lycett kama msanii, ndiye aliyeongoza askari huko Appin, karibu na Sydney, Aprili 1816, walipouawa wenyeji wasiopungua 14. Hilo halimo kwenye picha hata moja, na hapo ndipo ningetaka wakosoaji wake waelekeze ukali wao.