Kichwa Kisichotulia: Kiburi au Maumivu?

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, kwenye njia ya vumbi inayotoka Nala kuelekea mjini Dodoma, nilimkuta kijana muuza maji akigombana na punda wake. Kila baada ya hatua chache punda alirusha kichwa juu kwa ghafla, kama aliyeumwa na nyuki, mkokoteni ukayumba na madumu yakagongana. Kijana alimchapa shingoni mara tatu, akanigeukia na kusema kwamba mnyama huyo ana kiburi, na kwamba ukimwachia siku moja amekuzoea. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mgunga alinyanyuka taratibu, akalishika sikio la kushoto la punda na kuligeuzia kwenye jua. Ndani kulikuwa na kupe walioshiba damu, wamejipanga kama mbegu za mbarika. “Mjukuu wangu,” alisema, “fimbo hiyo haijui kutoa kupe.”

Kisa hicho kinalifanya swali lionekane jepesi kuliko lilivyo, kwa sababu kupe wanaonekana kwa macho. Ugumu huanza pale mnyama anapotikisa kichwa na hakuna kinachoonekana, na jambo hilo limechunguzwa zaidi kwa farasi kuliko kwa punda. Katika Tanzania ya kati farasi ni wachache mno, kwa kuwa mbung'o na tauni ya farasi vimewazuia kuenea, ilhali punda ndiye anayebeba maji, kuni na tofali za wananchi. Hata hivyo farasi na punda ni ndugu wa karibu, na yaliyojulikana kuhusu farasi yanaweza kumsaidia mwenye mkokoteni wa Chamwino au Kongwa, mradi asiyachukue yote kama yalivyo.

Farasi mwenye tatizo hili huwa ametulia kwa miaka mingi, kisha, mara nyingi akiwa wa makamo, huanza kurusha kichwa juu na chini bila onyo, hupiga chafya, husugua pua kwenye mguu wake, na wengine hujaribu kuipiga pua kwa kwato ya mbele huku wakiwa mwendoni. Chanzo kinachokubalika zaidi leo ni neva ya tano ya kichwa, ile inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Katika vipimo vilivyofanywa Marekani, neva ya farasi wazima ilihitaji umeme wa miliampea 10 au zaidi ili iitikie, lakini ya farasi wagonjwa iliitikia kwa miliampea 5 au chini yake. Kwa maneno mengine, upepo mwepesi au mwanga wa kawaida unaweza kumfikia mnyama huyo kama mchomo. Jambo la kushangaza ni kwamba farasi ambaye maradhi yake huja na kuondoka kwa msimu, akipimwa wakati ametulia, neva yake huitikia kama ya mzima. Na wachunguzi walipoikagua neva yenyewe hawakuona uharibifu. Kinachoonekana kuharibika ni namna inavyofanya kazi. Watu wenye maradhi yanayofanana na hayo husimulia maumivu makali ya uso yanayochochewa na kitu kidogo kama upepo wa dirishani, na ingawa farasi hawezi kusimulia, sioni sababu ya kudhani kwamba maumivu yake ni madogo kuliko yao.

Upande wa pili nao una hoja ambazo hazifai kudharauliwa. Wafunzaji wa wanyama husema, na ni kweli, kwamba mnyama hujifunza kutokana na matokeo: akirusha kichwa na kazi ikasimama, kesho atakirusha mapema zaidi. Pia kuna suala la usalama. Farasi anaporusha kichwa anaweza kumpiga mpandaji usoni, na punda anayeyumbisha mkokoteni barabarani, penye malori yaendayo Singida na Morogoro, ni hatari kwake na kwa wengine. Tena, kwa mwenye mkokoteni, kumpumzisha punda siku mbili si ushauri mdogo; siku mbili bila safari za maji ni siku mbili bila unga nyumbani. Wanaohubiri huruma kwa wanyama wakiwa kwenye viti vya ofisi husahau hilo mara nyingi, nami nimekuwa mmoja wao.

Hata hivyo, nikizipima hoja hizi, naona mizani haisimami sawa, kwa sababu makosa ya pande hizi mbili hayana gharama moja. Ukidhani ni maumivu kumbe ni mazoea, umepoteza muda na fedha kidogo, na mazoea bado yanaweza kurekebishwa baadaye. Ukidhani ni mazoea kumbe ni maumivu, umemchapa mnyama kwa sababu anaumia, na kwa kuwa hawezi kujizuia, ataendelea kukirusha kichwa huku akijifunza kukuogopa wewe pia. Mnyama mwenye hofu ni wa hatari zaidi barabarani kuliko mwenye kichwa kisichotulia, kwa hiyo hata hoja ya usalama, ukiifuata hadi mwisho, haiitetei fimbo. Vivyo hivyo kukifunga kichwa kwa kamba ili kisinyanyuke: mtikiso unaweza kupungua machoni mwa mwenye mnyama, lakini maumivu yanabaki pale pale.

Wala si kweli kwamba kujua tofauti kunahitaji vifaa vya Ulaya. Hatua ya kwanza ni kumtazama mnyama akiwa amefunguliwa, hana mzigo wala hatamu. Anayetulia kabisa kamba zikiondolewa ana uwezekano mkubwa wa kusumbuliwa na vifaa, na hapo hukaguliwa daraja la pua, sehemu ya chini ya utaya na nyuma ya masikio, na kwa farasi mdomo pia, kwa kuwa lijamu mbovu, yaani chuma cha hatamu kinachokaa mdomoni, au mkono mzito wa mpandaji unatosha kumfanya akatae. Anayetikisa hata akiwa malishoni hukaguliwa masikio, macho na meno. Jino lenye ncha kali linaweza kumtesa punda kwa miezi bila mtu kujua, hasa kwa kuwa punda ni mnyama anayeficha maumivu. Kisha atazamwe kivulini na juani, asubuhi pasipo upepo na alasiri upepo unapovuma. Yakikosekana yote hayo ndipo neva hushukiwa, na daktari wa mifugo anaweza kuifisha ganzi kwa muda ili kuona kama mtikiso utapungua, ingawa jibu la kipimo hicho si la uhakika kila mara.

Hapa inafaa tahadhari kuhusu ushauri unaotoka ughaibuni. Katika utafiti mmoja wa wamiliki nchini Marekani, karibu farasi 60 kati ya 100 walisumbuliwa kwa msimu, hasa siku zinaporefuka, na ndiyo maana vitabu vya huko huambia mmiliki aanze kinga majira ya kuchipua. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa nzima. Kwa maoni yangu kalenda ya huko haitufai. Chenye maana zaidi kwetu ni miezi ya kiangazi, wakati jua ni kali, mawingu ni machache na upepo unabeba vumbi kutwa nzima.

Kuhusu tiba, hakuna ya kuaminika kwa kila mnyama. Chandarua chepesi kinachofunika pua ndicho cha bei nafuu na kisicho na madhara, na inakadiriwa kwamba robo ya farasi hupata nafuu ya asilimia 70 au zaidi. Kinyago cha macho huwasaidia wale wanaochochewa na mwanga. Dawa zipo, ikiwemo moja inayotumika kwa kifafa cha binadamu, lakini baadhi humlegeza mnyama kiasi kwamba si salama kumpanda. Kusisimua neva kwa sindano ya umeme chini ya ngozi kumeleta nafuu kwa takriban nusu ya farasi waliotibiwa, ingawa hulazimu kurudiwa. Kuikata neva kumeachwa, maana baadhi waliishia na maumivu mabaya zaidi. Kwa punda wa mkokoteni, yaliyo ndani ya uwezo ni chandarua, kivuli, safari za alfajiri na hatamu pana yenye kitambaa.

Linabaki swali zito la mnyama asiyepata nafuu kwa lolote. Wapo wanaoona kuwa kumuua ni ukatili, na wapo wanaoona kuwa ukatili ni kumwacha hai. Ninakubaliana na hawa wa pili pale tu maumivu yanapoendelea hata mnyama akiwa amepumzishwa kabisa. Anayetulia akiachishwa kazi anastahili kuachishwa, si kuuawa wala kuuzwa mnadani kwa mtu asiyeambiwa ukweli. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini haiwezi kumwamulia mwenye punda kila asubuhi.

Wiki moja baadaye nilimwona tena yule kijana wa Nala. Masikio ya punda yalikuwa safi, lakini kichwa bado kilirushwa, mara chache kuliko awali. Nilipoinama nikaona chini ya utaya mahali kamba ya nailoni ilipochuna ngozi. Yeye alikuwa ameshaliona kabla yangu: sehemu ile ya kamba ilikuwa imeviringishwa kipande cha kanga kuukuu, na siku hiyo mkokoteni ulikuwa na madumu manne pungufu.